Swali la mwaka wa mwisho: kuchagua chuo bila kutegemea mkopo

Matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa mwezi wa Julai, nyumba nyingi za hapa Pemba huingia katika mazungumzo ya aina moja. Mtoto amefaulu, anastahili kwenda chuo kikuu, na kila jamaa ana jina la chuo analolipendekeza. Kisha huulizwa kama atapata mkopo, na baada ya hapo mambo yote hupangwa kana kwamba jibu limeshapatikana nalo ni ndiyo. Ninaandika kwa ajili ya familia ambazo jibu lao, kwa uwezekano mkubwa, litakuwa hapana: familia ya mwalimu, ya muuguzi, ya karani wa serikali, ya mwenye duka dogo na mikarafuu michache ya urithi. Hawa si maskini kwa vigezo vya bodi za mikopo, wala si matajiri kwa kipimo chochote ninachokijua, na katika miaka yangu ya kufundisha sekondari hapa Wete nimewaona wakihangaika kuliko wengine kwa sababu hakuna anayewapa ushauri unaolingana na hali yao.

Bodi zenyewe zina mantiki, na sioni haki ya kuzilaumu kwa hilo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo makao yake yako Bara, huangalia kwanza yatima, wenye ulemavu na watoto wa kaya zinazosaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kwetu Zanzibar tuna Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, nayo ina fungu lenye mpaka na waombaji wengi. Fedha zikiwa hazitoshi, mtoto ambaye wazazi wake wote wawili wako hai na mmoja wao ana mshahara atasubiri nyuma ya mwenzake aliyefiwa, na hivyo ndivyo inavyopasa. Mwanafunzi aombe hata hivyo, kwa vyeti vilivyokamilika na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, maana asiyeomba hana hata nafasi ya kufikiriwa. Lakini majina ya waliopata mikopo hutoka kwa kawaida kuanzia Oktoba, wakati ambapo mwanafunzi ameshathibitisha chuo na pengine ameshakata tiketi ya boti. Kwa hiyo uamuzi wa chuo unafanywa kabla ya kujua, na uamuzi unaofanywa kabla ya kujua lazima uwe ule unaoweza kusimama hata mkopo usipopatikana.

Ndiyo maana kila mzazi anayekuja kwangu na karatasi ya matokeo ya mwanawe ninamwuliza swali moja kabla ya mengine: je, mtaweza kulipa mwaka wa mwisho? Mwaka wa kwanza hulipika karibu kila nyumba, kwa kuwa wakati huo furaha ni mbichi, ami ametoa, khalati ametoa, na kuna akiba iliyokuwa ikingojea siku hiyo. Mwaka wa tatu au wa nne jamaa wamerudi kwenye shida zao, mdogo wa mwanafunzi naye amemaliza kidato cha nne, na ada inadaiwa palepale. Mwanafunzi anayekwama wakati huo hupoteza zaidi ya yule ambaye hakuanza, kwa sababu vyuo havimruhusu mwenye deni kufanya mitihani au humzuilia cheti, na miaka aliyokwisha kulipia hubaki bila kitu cha kuonyesha mbele ya mwajiri.

Tufanye hesabu, kwa kuwa hapa ndipo maneno mengi hupotea. Ada ya shahada nyingi katika vyuo vikuu vya umma, kwa mwanafunzi Mtanzania, iko baina ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, na fani za afya huwa juu zaidi. Tuchukue 1,300,000. Kwa miaka mitatu ni 3,900,000, na mzazi akiisikia namba hiyo huona kuwa mlima unapandika. Lakini chakula na malazi hayamo humo. Serikali yenyewe, tangu mwaka wa masomo 2022/23, inampa mwanafunzi mwenye mkopo kamili shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi, fedha ambayo wanafunzi huiita bumu, na sijasikia mwanafunzi yeyote akisema kuwa inamzidi. Mwaka wa masomo una kiasi cha siku 240. Familia isiyo na mkopo itabidi kuitoa bumu hiyo kutoka mfukoni mwake, nayo ni 2,400,000 kwa mwaka, yaani 7,200,000 kwa miaka mitatu. Jumla imefika 11,100,000 kabla ya bima ya afya ya mwanafunzi ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400 kwa mwaka, kabla ya 20,000 ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kabla ya kompyuta, na kabla ya nauli za baharini. Shahada ya uhandisi ni miaka minne na ya udaktari ni mitano, na kila mwaka unaoongezeka huja na gharama zake zote, si ada pekee.

Ukiitazama hesabu hiyo vizuri utaona kuwa ada ni kama theluthi moja tu ya mzigo. Theluthi mbili ziko kwenye sahani na kitanda. Wazazi hutumia wiki nzima kulinganisha chuo cha ada ya 1,200,000 na cha ada ya 1,500,000, kisha wakachagua cha kwanza ingawa kiko mbali na cha pili kingefikika kutoka nyumbani. Tuseme mwanafunzi anakaa kwao Unguja na anahitaji 5,000 kwa siku kwa nauli na chakula cha mchana, siku tano za wiki, wiki 34. Hiyo ni 850,000 kwa mwaka badala ya 2,400,000. Tofauti ya 1,550,000 inazidi ada ya mwaka mzima. Kwa familia ya Unguja isiyo na mkopo, kwa hiyo, vyuo vya kisiwani vinapaswa kuwa vya kwanza kuchunguzwa, na cha Bara kiwe ndicho kinachotakiwa kujieleza: kina programu gani ambayo huku haipo, au ambayo huku ni dhaifu?

Kwetu sisi wa Pemba jambo hili halijanyooka hivyo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kina kampasi yake ya Benjamin Mkapa kule Mchangamdogo, na anayepata programu anayoitaka pale amepata neema kubwa, lakini programu zake si nyingi kama za Unguja. Wengine wote lazima wapande meli, na Unguja kwa mtoto wa Micheweni au Mkoani si nyumbani. Ni ugenini kwenye jamaa. Hapo ndipo familia nyingi husema, "Atakaa kwa khalati yake Mjini," na mambo ya malazi yakafungwa kwa sentensi hiyo moja. Mimi ningependa sentensi hiyo ifunguliwe na kuzungumzwa mpaka mwisho, kwa sababu nimeona ikiharibu masomo na ikiharibu udugu.

Kukaa kwa jamaa ni msaada mkubwa na ni sehemu ya desturi zetu ninayoithamini. Hata hivyo msaada huo una gharama, na ni afadhali itajwe mapema na kwa heshima. Mwenyeji naye ana watoto wake na ana bajeti yake ya unga na mafuta. Familia ipeleke kitu kila mwezi hata kama mwenyeji atakataa mara ya kwanza, na kiasi hicho kiingizwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza. Kuna pia suala la kazi za nyumbani, na hili huwaangukia zaidi watoto wa kike. Msichana anayerudi kutoka chuoni Tunguu jioni, baada ya kubadilisha daladala, kisha akakuta vyombo, kufua na watoto wadogo wa kusaidiwa masomo, anaanza kusoma saa nne ya usiku akiwa amechoka. Mwenzake wa kiume katika nyumba hiyohiyo huambiwa aende msikitini kisha akasome. Mzazi anayesema kuwa ameokoa fedha za dahalia aangalie kwanza kama hajazilipa kwa usingizi na alama za binti yake. Mimi mpwa wangu alipopata nafasi SUZA, baba yake, ambaye ni kaka yangu, alitaka akae kwa jamaa miaka yote. Binti mwenyewe alinijia kwa adabu akaniambia, "Shangazi, nisaidie kumwambia baba kuwa nitakaa kwa jamaa mwaka wa kwanza, lakini mwaka wa kuandika utafiti niwe dahalia." Lilikuwa pendekezo la busara kuliko yote yaliyotolewa na sisi watu wazima, na fedha ya dahalia ya mwaka mmoja ilikusanywa kwa miaka miwili kupitia mchezo wa mama yake, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu.

Sasa sifa ya chuo. Watu hulizungumzia jambo hili kwa majina makubwa: Dar es Salaam, Muhimbili, Sokoine. Ni vyuo vyenye heshima yake na sina neno la kuvipunguza. Lakini mwajiri wa hapa hamwajiri mtu kwa lango la chuo alichosoma, na mwanafunzi hafundishwi na chuo kizima. Anafundishwa na idara moja, yenye walimu wake, maabara yake na utaratibu wake. Anayetaka kusoma Kiswahili, kwa mfano, haoni sababu ya kuvuka bahari akishajua kuwa iliyokuwa TAKILUKI, taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni iliyokuwa ikisomesha Kiswahili kwa wageni wa mataifa mengi, imo ndani ya SUZA. Anayetaka ufundi wa umeme au wa mitambo aiangalie Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume pale Mbweni kabla ya kuangalia mbali. Anayetaka ualimu ana SUZA, ana Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, na ana Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait pale Chukwani, hivi viwili vya mwisho vikiwa vya binafsi na vyote viwili vikiwa vimeanza mwaka 1998, na aulize kila kimoja ada yake kamili badala ya kuamini kuwa cha binafsi ni ghali au cha umma ni rahisi.

Kuna uchunguzi wa lazima na kuna wa hiari. Wa lazima ni kwamba chuo na programu yenyewe viwemo katika mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambayo mamlaka yake yanafika mpaka Zanzibar; na kwa stashahada na astashahada, viwe vinatambuliwa na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Ninasema chuo na programu, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na ithibati na programu moja ndani yake isiwe nayo. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya wa shahada, na katika vyuo vingine ikazuia programu moja moja. Mwanafunzi aliyekuwa ameweka roho yake kwenye mojawapo alilazimika kuanza kutafuta upya. Vilevile kuna fani ambazo shahada peke yake haimtoshi mtu kufanya kazi: mhandisi husajiliwa na bodi ya wahandisi, daktari na muuguzi na mabaraza yao, mhasibu hufanya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Aulizwe mtu wa bodi husika, si mtu wa ofisi ya udahili ya chuo, kama wahitimu wa programu hiyo wanasajiliwa bila pingamizi.

Uchunguzi wa hiari ndio ninaoupenda zaidi. Mwanafunzi aende chuoni siku ya kawaida ya masomo, au kama yuko Pemba amtume ndugu aliyeko Unguja, akazungumze na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa programu ileile. Awaulize kama walimu wanaingia darasani, kama matokeo ya muhula hutoka kabla ya muhula mwingine kuanza, kama maabara ina vifaa au kuna picha za vifaa, na waliohitimu mwaka jana wako wapi. Swali la matokeo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu chuo kinachochelewesha matokeo huchelewesha na vyeti, na cheti kilichochelewa miezi sita ni miezi sita ya kazi iliyopotea katika nyumba ambayo imeshauza kila kilichoweza kuuzwa.

Na hapa nirudi kwenye swali la mwaka wa mwisho kwa lugha ya Pemba, yaani kwa lugha ya karafuu. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Ukija msimu mkubwa, baada yake hufuata miaka ya mavuno madogo, na hakuna aliyewahi kuulazimisha mti uzae kwa sababu ada imefika. Familia nyingi huandikisha mtoto chuo kikuu katika msimu mkubwa, fedha ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ikiwa mkononi, na huchagua chuo kulingana na wingi wa fedha ya mwaka huo. Miaka miwili baadaye mti umepumzika na chuo hakijapumzika. Ndipo watu huanza kuuza mavuno yangali juu ya mti kwa bei ya mnunuzi, au kuweka shamba rehani. Ushauri wangu kwa mwenye mikarafuu ni kuhesabu uwezo wake kwa mavuno ya mwaka mbaya, kuchagua chuo kinacholipika kwa mwaka huo, na msimu mkubwa ukija kuiweka fedha ya miaka yote mahali ambapo harusi na ujenzi havitaifikia. Najua kuwa ni jambo gumu, kwa kuwa fedha ikionekana ndani ya nyumba kila mwenye haja ana haki ya kuuliza. Wapo waliolipa ada ya miaka miwili kwa pamoja katika msimu mkubwa, na baadhi ya vyuo hukubali hivyo kwa kutoa stakabadhi; kwa wenye kipato kisicho cha kila mwezi sijaona ulinzi ulio bora zaidi.

Vyuo vya nje nitavigusa kwa ufupi. Ufadhili kamili wa ushindani, kama ule wa serikali ya Uturuki, ya India au ya China, unastahili kuombwa na kila mwenye alama nzuri, na kwa waliong'ara katika masomo ya sayansi kuna ufadhili wa Samia ulioanza mwaka 2022/23 ambao hutolewa kwa ufaulu. Haya ni matumaini mazuri, lakini hayafai kuwa mpango. Kulipia mwenyewe chuo cha nje ni jambo jingine kabisa, kwa sababu ada hutajwa kwa dola na kipato chetu ni shilingi. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilipita 2,600. Ada ya dola 3,000 ilipanda hivyo kutoka 6,900,000 hadi zaidi ya 7,800,000 bila chuo kuongeza hata senti moja. Na wale wanafunzi wetu waliokuwa Khartoum vita vilipozuka Aprili 2023, wakarudi na begi moja, wametuonyesha kuwa mwaka wa mwisho unaweza kuzuiwa hata na mambo ambayo hakuna mzazi anayeweza kuyahesabu.

Kwa familia ambayo hesabu ya shahada haikubali kabisa, njia ya stashahada haipaswi kuonekana kuwa ni kushindwa. Mwenye stashahada anaweza kuanza kazi mapema, na akiwa na wastani wa 3.0 na kuendelea anafikia sifa ya jumla ya kuomba shahada, safari hii akijilipia sehemu kutokana na mshahara wake. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992 na chenye vituo vyake Unguja na Pemba, kinamfaa yule aliyekwisha kupata kazi, ingawa kinamtaka awe na nidhamu ya kusoma peke yake ambayo si kila kijana wa miaka 19 anayo. Ninasema hivi kwa kuwa nimewaona wanafunzi hodari wakipelekwa kwenye njia hii mara tu baada ya skuli kwa sababu gharama yake ni ndogo, kisha wakaachwa bila msaada wowote wakaizoea simu kuliko vitabu.

Jambo la mwisho linahusu tarehe. Mwanafunzi aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja, na siku za kufanya hivyo ni chache. Kabla hajaiingiza namba hiyo, wazazi wake wapate kutoka chuoni karatasi yenye ada ya kila mwaka mpaka wa mwisho, pamoja na michango yote, na maelezo ya maandishi kama ada inalipwa kwa awamu ngapi na nini kinamfika mwenye kuchelewa awamu moja. Kisha wakae na mtoto wao, naye aione hesabu yote kama ilivyo, pamoja na mshahara wa baba na mikarafuu mingapi inayozaa. Watoto wetu wa miaka 19 wanaweza kuubeba ukweli huo, na wengi wao, wakishirikishwa, huchagua kwa uangalifu kuliko tunavyodhani.